Muhuri wa Baruti

Tarehe 4 Machi

Rejista ya kituo ina safu sita: tarehe, saa, muda, nguvu, umbali, chanzo. Safu ya woga haimo. Nimesoma mashine ya mitetemo miaka kumi na minne bila kuihitaji safu hiyo, lakini tangu tetemeko kubwa la Agosti naihitaji, na leo nimenunua daftari hili la wanafunzi lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.

Mvua imeanza saa nane mchana. Wingu likafunika mlima wote, na mimi sipendi kukaa upande wa pili wa bonde nikiutazama mlima nisiouona.

Tarehe 6 Machi

Mvua.

Tarehe 9 Machi

Mvua. Nimefua juzi, nguo bado mbichi. Baba anasema nivae tu, mwili utazikausha.

Tarehe 11 Machi

Ufa ulioachwa na tetemeko la Agosti kwenye ukuta wa ofisi umebandikwa kipande cha kioo. Kazi ya kioo hicho ni kuvunjika. Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, kinapasuka, nasi tunajua. Kila asubuhi nakitazama kabla ya kutazama mashine, kabla hata ya kumwamkia Mkuu wa kituo. Leo ni kizima.

Mkuu tunamwita Bwana Tusubiri, nyuma ya mgongo wake. Mwambie paa linavuja, atasema tusubiri. Mwambie wino umekwisha, tusubiri. Anakaa mbele ya jiwe jeusi analokandamizia karatasi, anasugua miwani, anasubiri. Sijui mtu wa namna hii alikabidhiwaje mlima.

Tarehe 14 Machi

Nimepewa kazi. Wakubwa wanauliza kama tetemeko la Agosti linaweza kuuamsha mlima, na wanataka historia yake yote kwa ukurasa mmoja. Nimeshinda stoo na rejista za zamani, napiga chafya.

Nilichopata ni hiki. Kabla ya lile la Agosti, ardhi ya huku ilipigwa na matetemeko makubwa matano. La kwanza, miaka mia na kumi na miwili iliyopita. Baada ya miezi kumi na moja mlima ukalipuka. La pili, miaka themanini iliyopita. Mlima haukufanya kitu. La tatu, miaka sitini na minane. Mlima ukalipuka baada ya miezi sita. La nne, miaka arobaini na mitano, kimya. La tano, miaka thelathini na moja; mlima ukalipuka baada ya miezi tisa, na hilo sihitaji rejista kulikumbuka. Mara tatu kati ya tano. Tangu Agosti ni miezi saba.

Nilimuuliza Mkuu kwa nini mara nyingine ulipuke na mara nyingine usilipuke. Akaniambia nitikise chupa ya maji, kisha nitikise chupa ya soda. "Tetemeko ni mkono tu," akasema. "Swali ni ndani ya chupa mna nini." Na utajuaje kilichomo? Kwa mitetemo midogo ya karibu, chini ya mlima wenyewe. Ikiongezeka wiki hadi wiki, chupa ni ya soda.

Nikafungua rejista yetu. Safu ya chanzo, mwezi mzima, hakuna hata mtetemo mmoja wa mlima. Nimepumua.

Rejista moja tu sikuipata, ya mwaka wa mlipuko wa mwisho. Kwenye orodha imeandikwa kwa penseli: iliungua.

Tarehe 17 Machi

Nimekwenda kwa Fundi kupimwa gauni. Fundi na mimi mtaa mzima unatuita pacha wa majivu, kwa kuwa mlima ulichukua mama zetu asubuhi moja, mimi nikiwa na miaka saba na yeye kumi. Mama yake alimwachia cherehani. Mama yangu aliniachia Baba.

Fundi alikuwa na hasira na mumewe, ambaye ni mvunja mawe. "Yuko nyumbani tangu tarehe kumi," akaniambia, pini zikiwa mdomoni. "Shimo la machimbo limejaa maji mpaka kwenye ngazi. Amemaliza kuhesabu vifungo vyangu, sasa amehamia kwenye sindano. Nipe kazi ya kumpa, hata ya kufagia huo mlima wenu."

Nilicheka mpaka pini ikanichoma. Nimeongezeka kiuno. Ameandika kwenye daftari lake la vipimo, lenye watu wote wa mtaa, kwa maandishi makubwa kuliko ya wengine.

Tarehe 19 Machi

Mvua. Kioo kizima.

Tarehe 22 Machi

Baba ana miaka sabini na minne na bado anaamka saa ileile aliyokuwa akienda kazini. Kituoni walimwita Mzee Jicho. Yeye ndiye aliyetufundisha sote kusoma mstari, mimi na walionitangulia.

Machimbo yako chini ya mlima, upande wetu, na yanalipua baruti mchana na jioni, na siku nyingine wakati wowote wanapojisikia. Kila mlipuko unaitikisa mashine yetu. Zamani wasomaji walikuwa wakigombana, huyu aseme mlima, yule aseme machimbo. Baba akawatungia kanuni: fupi, kali, karibu, ni baruti. Akachonga muhuri kwa soli ya kiatu chake, herufi B ndani ya duara. Ukiona mstari mfupi wenye ncha kali, unaokwisha kabla hujahesabu mpaka tano, unagonga muhuri na huuhesabu. Walimpa cheti kwa ajili yake. Cheti kiko ukutani, muhuri uko mezani kwangu.

Leo tukila nilimuuliza rejista ya mwaka ule iliungua vipi, maana kituo hakikuungua. Akasema, "Iliungua." Akainuka, sahani haijafika nusu. Baba si mtu wa kuacha chakula, na jambo hilo limenikaa moyoni jioni nzima.

Tarehe 27 Machi

Kioo kimevunjika.

Nilikikuta asubuhi, mstari mmoja umekata katikati. Mkuu alikitazama, akasugua miwani, akasema ukuta hucheza mvua zikizidi, tubandike kingine, tusubiri. Nikabandika kingine. Nilitamani kumrushia lile jiwe lake.

Tarehe 30 Machi

Nimegonga muhuri mara nyingi leo mpaka kidole gumba kimegeuka zambarau. Fundi aliponiona njiani aliniuliza nimempigia kura nani.

Tarehe 2 Aprili

Ni saa kumi na robo jioni, niko kituoni, mwandiko utanisamehe.

Saa kumi kamili kalamu ya mashine iliruka. Fupi, kali, karibu. Nikanyoosha mkono kuchukua muhuri, na mkono ukakataa. Kuna kitu kilipungua na sikujua ni nini. Nilikaa nimeushika muhuri hewani, kisha nikajua. Sikusikia king'ora.

Machimbo hayalipui bila king'ora. Kwanza king'ora, mara tatu, kisha mlipuko, kisha mstari. Tangu utoto wangu ni hivyo. Leo mstari ulikuja peke yake. Jana pia. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipokisikia, nikamsikia Fundi na pini zake mdomoni: shimo limejaa maji mpaka kwenye ngazi.

Machimbo yamefungwa tangu tarehe kumi Machi. Nilijua. Nilicheka nalo, nikaja kuliandika humu kama kichekesho, na kesho yake nikaenda kazini kugonga baruti.

Nimechukua rula, nimeshuka nayo rejista mstari kwa mstari. Wiki ya kwanza tangu machimbo yafungwe, mihuri saba. Ya pili, kumi na sita. Ya tatu, thelathini na mitano. Hii ya nne ndiyo kwanza siku tatu, na iko ishirini na miwili. Yote kwa mkono wangu. Yote ni mlima.

Naogopa. Naliandika tu hivyo.

Tarehe 3 Aprili

Nilimsubiri Mkuu mlangoni. Alisoma rejista akiwa amesimama, mwavuli bado uko wazi mkononi, maji yanamdondokea. Hakusema tusubiri.

Alisema, "Inaweza kuwa maporomoko. Udongo umelowa."

Nikamwambia maporomoko hayana ncha.

"Najua. Ila nikipeleka hili juu wataniuliza nalinganisha na nini. Milipuko ya zamani kituo hakikuwa na mashine. Mara ya mwisho mlima ulipolipuka, mitetemo ilikuwaje? Rejista iliungua. Sina kitu mkononi." Akaketi. "Unakumbuka miaka sita iliyopita."

Nakumbuka. Alitangaza, watu wakahamishwa wiki tatu, mlima haukutoa hata moshi. Nyumba zikaibiwa. Mzee mmoja akafia juu ya lori. Mkuu akaliinua lile jiwe jeusi, akaliweka kiganjani mwangu. "Wengi hudhani ni la mlima," akasema. "Hili lilipita dirishani kwangu, mke wangu amekaa. Nikikosea tena, hakuna atakayehama siku ya kweli. Niletee kitu cha kulinganisha, nami nitatangaza hata saa sita usiku."

Kumbe kusubiri kwake kuna jeraha ndani yake. Nilitoka nimejionea aibu kwa mengi niliyoyaandika humu.

Nyumbani nilimweleza Baba kila kitu. Nililia kama mtoto. Nikamwambia, "Baba, kanuni yako imenipofusha." Alikaa anatazama mikono yake, kisha akaenda kulala jua halijazama.

Tarehe 4 Aprili

Baba hali chakula. Mitetemo kumi na mitano leo. Nimeacha kuitia muhuri. Safu ya chanzo naiacha tupu, maana neno lenyewe sithubutu kuliandika.

Tarehe 5 Aprili

Asubuhi nilikuwa navaa viatu. Baba akatoka chumbani amevaa shati lake la kazi, la zamani, limekosa kifungo cha pili.

"Mitetemo imefika mingapi?" akaniuliza.

"Mia moja na kumi na mitatu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Yangu ilifika mia mbili na sitini."

Sikuelewa. Niliendelea kufunga kamba ya kiatu. Nilipoelewa, kamba ilikuwa imekatikia mkononi.

Alirudi chumbani, nikasikia sanduku la bati likiburutwa kutoka mvunguni. Alileta kitu kimefungwa kwa kitambaa cha kichwa cha Mama, ambacho sijakiona tangu nina miaka saba. Ndani ilikuwa rejista. Haikuungua hata pembe. Akanifungulia ukurasa. Mihuri, mihuri, mihuri, ya zambarau, imenyooka vizuri, kazi ya mtu makini.

"Mvua zilikuwa kama hizi," akasema. "Machimbo yalifungwa zaidi ya wiki tano. Nilikuwa nimepewa cheti mwaka uliotangulia, mwanangu. Nilikiamini kile cheti kuliko masikio yangu. Kila wiki niliwaandikia wakubwa: mlima umelala."

"Ulijua lini?"

"Siku ya tatu baada ya kumzika mama yako. Nilisikia king'ora. Machimbo ndiyo yalikuwa yanafunguliwa."

Miaka thelathini. Amenilea, amenisuka nywele vibaya, amenifundisha kazi, akanipa ule muhuri mkononi na kunionyesha namna ya kuugonga. Nilimuuliza kwa nini hakusema, angalau kwangu, angalau siku nilipoajiriwa. Akasema kila siku alipanga kesho. Nilimchukia. Naandika ukweli, nilimchukia pale mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Na papo hapo niliogopa atakufa kabla hajafika kituoni, maana alikuwa anapumua kwa shida.

Alikataa nimbebee rejista.

Tarehe 6 Aprili

Jana nilishindwa kumaliza. Mkuu alipomwona Baba mlangoni aliinuka. "Shikamoo, Mzee wangu." Baba hakuitikia. Aliweka rejista mezani, akasema, "Haikuungua. Niliificha. Nitasaini popote utakapotaka."

Mkuu aliweka rejista mbili bega kwa bega. Ya mwaka ule: nane, kumi na tano, thelathini na tatu, sitini na nne, mia moja na arobaini. Yetu: saba, kumi na sita, thelathini na tano. Leo jioni wiki ya nne imekwisha, nimehesabu mara tatu: sitini na sita.

Tuko wiki moja nyuma ya wafu.

Kuna kingine. Katika rejista ya Baba, baada ya ile mia moja na arobaini, kuna siku mbili hazina alama yoyote. Pembeni ameandika kwa penseli: umetulia, Mungu ashukuriwe. Siku ya tatu asubuhi hakuna maandishi, kurasa zote zilizobaki ni nyeupe. Siku hiyo jino lilikuwa linaniuma na Mama alimwambia Baba aende nami kituoni; ndiyo maana nipo.

Mkuu amesugua miwani kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Miaka thelathini tumekuwa tunaufuta mlima." Akachukua simu.

Tarehe 7 Aprili

Mkutano uwanja wa shule, saa nne, kwenye mvua. Mtaa wetu wote ulikuja, na walikuja na maneno. "Safari hii mtaiba nini?" mmoja aliuliza, watu wakacheka. Mkuu alieleza tarakimu, nao wakamsikiliza kama wanavyosikiliza bei za dukani. Niliona tunawapoteza. Wengine walikuwa wameshageuka kwenda.

Baba akapanda kwenye benchi. Nilimshika mguu asianguke.

"Mnanijua," akasema. "Mimi ndiye niliyesoma mashine mwaka ule. Mlima ulisema wiki tano. Mimi niligonga muhuri huu nikasema ni baruti. Machimbo yalikuwa yamefungwa. Kisha nikaificha rejista. Mke wangu alikuwa anaanika nguo."

Hakuna aliyecheka. Fundi alipenya watu akaja mpaka mbele ya benchi.

"Na mama yangu?"

"Naye, mwanangu."

"Umekula kwangu. Umebeba watoto wangu. Sikukuu zote uko mezani kwangu."

"Nilikula."

Nilitaka ardhi inimeze, na kwa hali ilivyo hilo si jambo la kusema ovyo. Fundi alimtazama mpaka nikadhani atamvuta amshushe. Kisha akasema, sauti yake ikisikika uwanja mzima, "Siwezi kukusamehe. Lakini nakuamini." Akageuka kwa mumewe. "Twende ukafunge godoro. Ulikuwa unatafuta kazi."

Watu wakaanza kutawanyika mmoja mmoja. Walikuwa wanakwenda kufunga mizigo.

Tarehe 8 Aprili

Malori. Tumevuka daraja, tuko shule ya ng'ambo ya mto. Darasa letu lina kaya tano na ubao wenye hesabu za mtoto fulani, zote kakosea. Fundi ameacha cherehani, lori lilijaa. Amekuja na mkoba wa sindano na daftari la vipimo tu. Hasemi nami.

Tarehe 10 Aprili

Mashine ndogo tumeifunga chumba cha walimu. Mitetemo ishirini na mitatu.

Tarehe 11 Aprili

Ishirini na minane. Maji kwenye bilauri hayatulii.

Tarehe 13 Aprili

Wiki ya tano imekwisha. Mia moja na hamsini na mmoja. Naogopa mlima ulipuke, naogopa usilipuke. Nyumba yetu imo kule, na gauni langu ambalo halijashonwa, na vyote alivyowahi kuvishika Mama isipokuwa kitambaa.

Tarehe 14 Aprili

Kimya. Kalamu inachora mstari ulionyooka tangu alfajiri. Watu wanatabasamu, mvua imekatika. Baba ameketi mbele ya mashine mikono mapajani. Nimemsikia akisema, "Usinidanganye mara mbili."

Tarehe 15 Aprili

Kimya. Mlima umejitokeza wote, safi, hata njia za mbuzi zinaonekana. Haujawahi kunitisha hivi.

Tarehe 16 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa siku ya tatu. Asubuhi hakuna aliyekula. Saa mbili ikapita, saa tatu, saa nne. Hakuna kitu. Saa tano watu wakaanza kunitazama. Saa sita wakaanza kufunga magodoro.

Mkuu aliwaendea, akawaambia mlima si saa ya ukutani, hauwezi kurudia siku kwa siku. Mtu akamwambia, "Tusubiri, eh?" Nikaona uso wake umekuwa wa kijivu. Aliniambia kando, "Labda nimewaua mara ya pili kwa namna nyingine. Siku ya kweli ikija hawatatoka." Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujiuliza kama si maporomoko.

Saa nane kundi la watu kama sitini lilishika njia ya darajani. Tukakimbia kuwafuata. Daraja ni jembamba, lori moja tu kwa wakati. Katikati yake tulikuta kigoda cha darasani, na juu ya kigoda ameketi Fundi, anapindia suruali ya mumewe.

"Tupishe," wakamwambia.

"Pita. Nikanyage kwanza."

"Dada, wewe si ndiye uliyemkana yule mzee?"

"Na bado sijamsamehe," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Ila mama yangu alikuwa na siku mbili za kimya akazitumia kufua mapazia. Mimi siku zangu nitazitumia hapa. Kama kuna mwenye haraka ya kwenda kufua, nimeshasema, anikanyage."

Mumewe akaja akasimama nyuma yake, mikono ya kuvunjia mawe imekunjwa. Walikaa hivyo mpaka saa moja jioni. Watu walinung'unika, wakatukana, wakachoka, wakarudi kupika. Nilimpelekea maji. Aliyanywa, akanirudishia kikombe, hakunitazama.

Tarehe 17 Aprili

Ulilipuka saa moja na dakika kumi asubuhi.

Nilikuwa nasuuza kikombe. Kwanza ndege walinyamaza. Kisha nikasikia Baba akiniita kutoka chumba cha walimu, si kwa woga, kama anavyoniita chakula kikiwa tayari. Nilipofika mlangoni kalamu ilikuwa inapiga huku na huku, inagonga kingo zote mbili za karatasi. Hilo halikuwa fupi wala kali. Sakafu iliinuka chini ya miguu yangu. Nikashika fremu ya mlango, na hapo ndipo sauti ikafika, nikaisikia kifuani kabla ya masikio.

Nilitoka nje. Nilidhani wingu litakwenda juu. Lilikwenda juu kidogo, kisha likaanguka upande wetu, likateremka mlimani la kijivu na zito, bila haraka kwa jinsi lilivyoonekana kutoka mbali. Nilihesabu, maana kuhesabu ndiko ninakojua. Kufika dakika ya nne mtaa wetu haukuwepo. Sikuona nyumba ikianguka. Ilikuwepo, ikafunikwa. Watu uwanjani walisimama tu. Mtu mmoja wa lile kundi la jana aliketi chini kwenye matope akashika kichwa.

Majivu yakatufikia nusu saa baadaye, giza la asubuhi, tumefunga vitambaa puani. Mkuu akaita watu wahesabiwe, na orodha ya kaya imebaki ofisini. Fundi akafungua daftari lake la vipimo. Akawasoma kama alivyowaandika, tochi mkononi:

"Kiuno arobaini na nne, mikono mifupi."

"Nipo," akajibu muuza duka.

"Gauni la harusi, lililorudishwa."

"Nipo."

"Suruali mbili, mguu mmoja mrefu."

Kuna waliocheka na kulia pamoja. Alinisoma mimi na kiuno changu, nikaitika. Akaendelea ukurasa kwa ukurasa, watu mia mbili na wanane, na kila mmoja alikuwa na sauti. Akafika mwisho. Akasogeza tochi karibu.

"Shati. Kola kumi na sita. Kifungo cha pili kimepotea."

Hakuna aliyeitika.

Akarudia, kwa sauti iliyopasuka, "Kola kumi na sita."

Nilikimbia. Sikumbuki kukanyaga chini. Chumba cha walimu kilikuwa na vumbi, na Baba alikuwa ameketi palepale mbele ya mashine, majivu yamemkaa nyusi, rejista magotini. Nilidhani amekufa. Alikuwa anaandika. Alikuwa anarudi nyuma, kurasa za Machi na Aprili, anakata kila muhuri wangu kwa mstari mmoja ulionyooka, na kwenye safu ya chanzo anaandika: mlima. Mlima. Mlima.

"Wanakuita, Baba."

"Namalizia," akasema. "Baada ya hii niletee ile yangu."

Nilirudi mlangoni nikapiga kelele kwamba yupo. Watu mia mbili na tisa.

Tarehe 18 Aprili

Majivu. Mkuu amelala kwenye benchi saa kumi na mbili mfululizo, miwani mkononi.

Tarehe 20 Aprili

Majivu yamepungua. Mashine inaonyesha mitetemo michache, mifupi, na kila mmoja ukija nashtuka, na Baba anasoma, na mimi naandika. Bado ninayo hasira naye. Inakuja nikimwona anakunja kitambaa cha Mama, inaondoka nikimwona anatafuta miwani aliyoivaa.

Mchana Fundi aliingia chumba cha walimu bila kubisha. Alikuwa na sindano imeshatiwa uzi.

"Mzee, lete hilo shati."

Baba akaanza kulivua. "Kaa nalo," Fundi akamwambia, "nitakushonea humo humo." Akachukua kifungo kutoka mfukoni, cheusi, hakifanani na vingine. Akapiga magoti mbele yake, akashona, uso wake uko shibiri moja kutoka kifuani mwa Baba. Baba alikuwa anatazama dari, machozi yanamshuka mpaka kwenye kola.

"Bado sijakusamehe," Fundi akasema.

"Najua, mwanangu."

"Basi usitikisike, nisije nikakuchoma."